Daftari ya Sala Iliyosomwa mu Mikro

Mu Buyenzi, kartie ya Waislamu ya Bujumbura, kama mwanamuke amekufa, kitu ya kwanza watu wanafanyaga siyo kununua sanda. Wanatuma mutu kwa Fadhila. Atamukuta pale ku baraza yake, mashine ya kushona mbele, sentimetri ya kupimia nguo ku shingo, uniforme ya watoto wa shule imejaa ku mapaja. Anaambiwa jina moja tu. Anazima redio, anafunika mashine na kitambaa, anabeba kikapu yake ya kafuri na pamba, anaenda. Akirudi hasemi alichoona.

Hiyo ya mwisho ndiyo kazi yenyewe. Kuosha maiti, mutu anaweza kufundishwa, uanze kuume, umwage maji polepole, usimufunue. Lakini mwili inaongea. Kuna kovu ya fimbo ambayo bwana alikuwa anakataa mbele ya watu wazima. Kuna tumbo iliyozaa na nyumbani wanasema hakuzaaga. Fadhila ameosha miaka makumi mbili na saba, na mutafute mu avenue zote, hamutapata hata mutu mumoja wa kusema: Fadhila alinihadithia. Hata bwana yake Atumani, fundi wa magari, Mungu amurehemu, alikufa bila kujua kitu. Alikuwa anamutania: "Mi sikuoa mwanamuke, nilioa kufuli."

Sasa mutu kama huyo, umuharibie jina mu nusu saa, na mikro, mu hoteli ya Rohero, kule mjini, watu wakipiga makofi. Ndivyo wamemufanyia. Na siyo wezi wamemufanyia, wala maadui. Ni watu wa kusaidia watu.

Mambo ilianzia kwa Epiphanie. Huyu ni mama wa Buterere, pembeni ya muji, mukatoliki wa misa ya kila asubuhi, alikuwa anakuja kushonesha uniforme ya wajukuu wake. Siku moja, mvua ya mwezi wa ine, alifika na matope mpaka mu magoti. Fadhila akamupa maji anawe, akamuuliza kuna nini.

"Jana tumebeba jirani yangu," Epiphanie akasema. "Uchungu ilimushika, gari hakuna, ambulansi ikasema njia ni mbaya. Wanaume wakang'oa mulango ya nyumba yake, wakamulalisha juu, wakapita mu mashamba ya mupunga. Mutoto alizaliwa pale juu ya mulango. Mama yake hakufika."

Fadhila aliendelea kushona kola.

"Na mulango?" akauliza.

"Wameirudisha ku nyumba. Watoto wake wanaifungua, wanaifunga."

Fadhila akamaliza kola, akakata uzi na meno. "Munahitaji nini kule?"

Walikuwa wanahitaji tuktuk ya kubeba wagonjwa, ile ya gurudumu kubwa, yenye kitanda nyuma. Epiphanie na wenzake walikuwa na asosiasioni ndogo, wanachangisha mwaka wa pili sasa, na pesa ilikuwa haijafika hata nusu. Mukubwa wa asosiasioni ni Loïc, kijana wa Mutanga Sud, kule kwa watu wa pesa, amesoma mpaka juu, shemisi haina hata mukunjo moja. Tuseme kweli, ule kijana alikuwa na kipaji. Barua yake ya Kifaransa inaingia mu biro ambayo we na mi tukifika pale, mulinzi anatuambia turudi kesho. Epiphanie naye alikuwa na yake: akisimama kanisani kuhadithia ile mulango, wanaume wanatafuta leso. Lakini barua ya Loïc haingii mu duka ya vipuri, na machozi ya kanisa haivuki kuja Buyenzi. Pale walikuwa wanakosa mutu. Wakamupata Fadhila.

Namna Fadhila anachangisha, ungemuona usingejua kama anachangisha. Anaingia mu duka, anakaa juu ya tairi ya zamani, anasalimia, anauliza mama anaendelea namna gani, watoto je. Halafu anasema: "Buterere mvua imenyesha." Anyamaze. Mwenye duka anaangalia bulonzi na nati zake, anaangalia juu, anasogeza kopo ya grisi mahali ambapo haikuwa inasumbua mutu. Kimya ya Fadhila inakaa pale kati yao kama mugeni wa tatu. Mwisho mwanaume anasimama, anamuita nyuma ya rafu, anamuwekea kitu mu mukono na kusema: "Lakini mama, jina yangu isitoke."

Na Fadhila anajibu: "Jina gani?"

Basi ni hivyo tu. Watu wa Buyenzi wanatoa, usidanganywe, lakini sadaka mutu anaficha. Kwanza ni dini. Halafu ni ndugu: ukijulikana umetoa kwa wageni, kesho asubuhi ndugu zako kumi wako ku mulango. Kwa Fadhila walitoa juu walijua ni mutu ameona mama zao uchi na hakuna siku alifungua mudomo.

Mu miezi mitatu Buyenzi ilipita kanisa, ikapita barua.

Kubwa kuliko yote ilitoka kwa bibi Fatouma. Ni mama ya Uthmani, ule mwenye duka kubwa ya vipuri, mutu ambaye hata kalenda haigawi mpaka mwaka umefika katikati. Bibi Fatouma alikuwa mugonjwa, hatoki mu chumba, na Fadhila alikuwa anaenda kumupaka mafuta ku miguu. Siku moja bibi akaomba sabuni na maji. Akapaka mukono wa kushoto, akavuta, akavuta, akatoa bangili mbili za zahabu alizovaa tangu ndoa yake.

"Binti yangu Sumaya alikufia mu njia na mimba yake," akasema. "We ndiye ulimuosha, unajua. Peleka hizi kwa ile gari yenu. Uthmani asijue, yeye amezihesabu zake tayari."

"Bibi, ataona mukono."

"Nitavaa mikono mirefu. Mutu mugonjwa anasikiaga baridi." Akacheka kidogo, halafu akamushika Fadhila. "Na siku yangu ikifika, unioshe wewe. Usiache nioshwe na mutu wa mudomo."

Fadhila akasema ndiyo. Mu kazi yake, hiyo ndiyo siyo neno ya kutoa tu.

Sasa tufike kwa Loïc. Loïc akaenda mu formasioni, siku tatu, wakamufundisha mambo ya ekipe, namna watu wanafanya kazi pamoja. Akarudi amejaa. Akaita reunioni, akabandika makaratasi ya rangi ku ukuta, akasema kila mutu aseme nguvu yake iko wapi.

"Mama Fadhila, nguvu yako ni nini?"

"Kunyamaza."

Loïc akacheka, akachukua feutre, akaandika ku karatasi ya Fadhila: KOMUNIKASIONI.

Uliona hiyo? Alimuuliza, alijibiwa, akaandika kinyume yake. Halafu akasema kila mutu alete listi ya watu waliotoa, majina kamili na telefone, juu ekipe ya kisasa inafanyaga hivyo.

"Mi sina listi," Fadhila akasema.

"Lakini uko nayo mu kichwa."

"Kichwa yangu siyo ya asosiasioni."

"Ekipe haina siri, Mama Fadhila."

"Basi mi nihesabu kama nusu mutu."

Wengine wakacheka, Loïc hakucheka. Kutoka siku ile akaanza kusema, pembeni, kama Mama Fadhila anafanya vizuri lakini hana roho ya ekipe. Yeye aliyeleta zaidi ya nusu ya ile tuktuk, hana roho ya ekipe. Sawa.

Walivyotoka, Epiphanie akatembea naye. "Da Fadhila, mi siulizi mutu ametoa ngapi. Nataka tu niwaombee asubuhi, na Mungu mi namuambiaga na majina. Nikisema tu 'wale wa Buyenzi,' naona kama nimewatupa."

Fadhila akafikiri siku ine. Aliona sala ni kitu kati ya mutu na Mungu, na Mungu anawajua tayari. Akamupa majina, moja moja, bila kusema nani alitoa nini. Ya bibi Fatouma hata pale aliificha. Akasema: "Hapo andika nyumba ya Uthmani." Epiphanie akaandika mu daftari ya shule, ya kifuniko chenye picha ya Bikira Maria.

Wiki mbili nyuma yake Loïc akamuambia Epiphanie: "Mama, niazime ile daftari yako ya majina, siku mbili tu."

Epiphanie akampa na furaha. Alifikiri kijana ameanza kusali.

Siku ya jumamosi, saa tisa ya mchana, hoteli ya Rohero. Viti vimevalishwa nguo nyeupe, wafadhili mbele, kamera mbili. Pesa ilikuwa imebaki kidogo tu ifike, na Loïc aliita watu ili wamalizie. Fadhila alikuwa mu safu ya tatu, amevaa bazini yake ya Idi. Loïc akashukuru kwa Kifaransa, akashukuru kwa Kirundi. Halafu akatoa daftari ya Bikira Maria.

"Na sasa, marafiki wetu wa Buyenzi, ambao hatujawahi kuwapa heshima yao."

Akasoma. Jina, makofi. Jina, makofi. Mwanamuke mumoja muuza vitenge, ambaye bwana yake hakujua: makofi. Fundi wa rejeta ambaye kaka yake yuko hospitali na alimuambia hana kitu: makofi. Telefone zote zilikuwa juu zinachukua video. Fadhila alisimama, akainua mukono, akafungua mudomo aseme acha. Loïc akamuonyesha na kidole: "Na huyu ndiye Mama Fadhila, mutu wetu wa komunikasioni." Ukumbi mzima ikamugeukia, ikamupigia makofi.

"Na mwisho, Bwana Uthmani na nyumba yake yote."

Fadhila alirudi Buyenzi na miguu, bisi hazikuwa na esanse. Video ilimutangulia kufika.

Asubuhi ya kesho Uthmani alikuwa ku baraza. Hakukaa.

"Mama Fadhila, mi nilikupa nini?"

"Hujanipa kitu."

"Sema tena, na watu wale wasikie." Watu walikuwa wamesimama kweli, na ndoo zao.

"Uthmani hajanipa kitu."

"Basi jina yangu imefika Rohero namna gani? Dada yangu ameamka ku mulango yangu. Juzi nimemuambia sina pesa ya shule ya watoto wake, na kweli sina, kontena yangu imezuiliwa. Saa hizi ananiita mutu wa kulisha Buterere na kuacha damu yake. Mi sikutoa, na umesema nimetoa. Nani alitoa mu nyumba yangu?"

Ilikuwa neno mbili tu. Mama yako. Angezisema, Uthmani angegeuka na kwenda, na watu wa ndoo wangesema kumbe. Fadhila akashika kitambaa ya mashine, akaikunja, akaikunjua.

"Sina cha kusema, mwanangu."

"Basi we ni muongo, unauza majina ya watu. Usikanyage kwangu tena. Na siku ya mama yangu, mutu mwingine yuko."

Hakupiga kelele. Kama angepiga ingekuwa nafuu.

Ule muuza vitenge alipita baraza ile wiki bila kusalimia, jicho moja imevimba. Siku ya ine, ku nyumba ya tatu kutoka kwa Fadhila, mwanamuke akafariki. Fadhila akasikia kilio, akazima redio. Akafunika mashine. Akatoa kikapu, akaweka karibu na miguu, akangoja. Mutoto wa ile nyumba akapita mbio, akamuangalia, akaendelea na mbio. Mu saa sita ikafika teksi kutoka Kinama, akashuka mwanamuke asiyemujua, na kikapu yake. Nyumba ya tatu. Wangemuita bila kuinua sauti angewasikia.

Akasimama, akaenda Rohero.

Loïc alikuwa mu biro, ku ukuta nyuma yake foto mpya: yeye na mikro. "Mama Fadhila, karibu, karibu. Umeona pesa imefika? Tuktuk inatoka mwezi ujao."

"Wamenichukulia maiti," akasema.

Loïc hakuelewa. Fadhila akamueleza yote, kasoro ile moja. Loïc akashika kichwa. Na tusimuonee, uso yake ilibadilika. "Mama, kwetu ukichanga kwa ndoa ya mutu, wakiacha kukutaja, hiyo ndiyo matusi. Nilitaka kuwapa heshima."

"Waliniambia jina isitoke. Na wewe nilikukatalia listi."

"Ndiyo, lakini..." akatafuta neno. "Tulikosea. Sisi wote, kama ekipe. Tutafanya reunioni, tuangalie kila mutu alichangia namna gani mu hii kosa."

Fadhila akaangalia foto. Akaiangalia muda mrefu, mpaka Loïc akageuka kuiangalia na yeye.

"Siku ya makofi ekipe ulikuwa wewe," akasema. "Siku ya kosa ekipe ni sisi wote?"

Loïc akanyoosha foto ku ukuta.

"Simama twende. Buyenzi siyo mbali. Uingie ku kila mulango, useme na mudomo yako: ni mi nilisoma, huyu mama alikataa. Mi nitakaa nje."

"Wiki hii niko na raporo ya wafadhili, Mama. Wiki ijayo."

Wiki ijayo haikuja. Kilichokuja ni bahasha. Ndani ilikuwa sertifika, karatasi ngumu, muhuri ya zahabu, imeandikwa kwa Kifaransa: Roho ya Ekipe, Mama Fadhila, anayestahili shukrani. Fadhila akaipima na kidole. Karatasi kama hiyo huipati bure mu Buyenzi. Akachukua mikasi, akakata patroni, kipimo ya kukatia mufuko wa uniforme. Mpaka leo anaitumia.

Aliyekuja ni Epiphanie. Alitoka Buterere na miguu, akafika na daftari mu kitambaa, akaiweka mu mapaja ya Fadhila.

"Kosa ni yangu. Nilifikiri anataka kusali."

"Najua."

"Naenda kwao wote."

Na akaenda, mukatoliki na rozari yake ku shingo, duka kwa duka, anasema kwa Kiswahili yake ya kuvunjika: mi ndiye niliandika, yeye hakusema pesa, yeye aliwaficha. Wengine walimuachia kiti. Ule wa rejeta alisema sawa mama, yamepita. Muuza vitenge hakumufungulia. Uthmani alimusikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: "Mama, hao wengine walitoa, ukawaandika. Mi sikutoa. Sala yako imenisingizia." Epiphanie akarudi analia, juu hakuwa na jibu, na Fadhila alikuwa nayo na hakumupa.

Tuktuk ilifika. Watu walipiga foto, Loïc mbele, mukono ku usukani. Fadhila hakualikwa, au alialikwa akasahau, yeye hasemi.

Bibi Fatouma alizidiwa mwezi ule ule. Siku mbili aliuliza Fadhila yuko wapi, na wanawake wa nyumba walikuwa wanasema atakuja. Siku ya tatu muke wa Uthmani akachoka kudanganya mugonjwa, akamuambia: bwana yangu amemukataza, alidanganya kama tulitoa pesa ya Buterere. Bibi akaomba wamuitie mutoto wake.

Uthmani alitoka duka na mikono ya grisi, akakaa ku kitanda. Mama yake alivuta mukono ya gauni, polepole, mpaka kiwiko. Pale bangili zilikaa miaka makumi tano, ngozi ilikuwa nyeupe, laini kama ya mutoto, mistari mbili.

"Fadhila alikuwa anajua ni mi nilitoa, siku ile umemutukana?" bibi akauliza.

"Alikuwa anajua."

"Na alisema nini?"

Uthmani aliangalia mikono yake.

Aliyekuja ku baraza saa nane ya mchana hakuwa mutoto wa kutumwa. Alikuja Uthmani mwenyewe, na ile avenue yote inaangalia. Fadhila alikuwa anashona, akainua kichwa. Uthmani akasimama pale hajui aanzie wapi, mutu mukubwa vile, akasogeza kiti ambayo haikuwa inasumbua mutu.

"Mama anakuita," akasema. "Yuko hai. Anasema uje na mafuta ya miguu." Halafu, chini: "Mama Fadhila, ile neno nilikuambia mbele ya watu..."

"Neno gani?" Fadhila akasema, na akafunika mashine.

Bibi Fatouma aliishi siku tisa nyingine. Alioshwa na Fadhila, na wanawake wawili wa nyumba wakimusaidia kumwaga maji. Walipofika ku mukono wa kushoto, mumoja akaona zile mistari mbili, akasimamisha ndoo, akamuangalia Fadhila na kiulizo mu macho. Fadhila akafunika ule mukono na sanda mbele ya wakati yake.

"Maji," akasema.